Rekodi Kumi na Moja za Kimya

4 Februari

Mjukuu wangu Kasuku,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba simu inawasikiliza. Juzi mshonaji, huyu jirani yangu wa ukuta mmoja, aliingia hapa karakana na kuiweka simu yake mezani kifudifudi, kama mtu anayemficha uso mshitakiwa. Unamjua, ana sauti nzito, akisalimia vioo vinatikisika. Akasema, "Fundi, kitu hiki kinasikiliza. Jana nimemwambia mke wangu mguu unaniuma, leo naletewa matangazo ya viatu vya wagonjwa."

Nikamuuliza, kabla ya hapo hukuandika popote habari ya mguu? Akakana. Nikamuuliza tena, polepole, jinsi unavyomuuliza mtu aliyeleta redio iliyolowa maji na kudai imezimika yenyewe. Akakiri: aliandika "maumivu ya kisigino asubuhi", akasoma kurasa tatu, akasahau.

Basi, simu haisikilizi. Inafuata nyayo. Ukipita mahali unaacha alama, na wenye kuuza wanaziokota hizo alama na kuzifuata hadi mlangoni kwako. Mfano ni mimi mwenyewe. Unakumbuka bisibisi yangu ndogo yenye mpini mwekundu, niliyoanza nayo kazi? Imepotea tangu mwaka juzi. Nimepekua kila droo. Mwezi uliopita niliiulizia mtandaoni, mara moja tu, na tangu siku hiyo nikifungua habari za hali ya hewa naona bisibisi, nikifungua za mpira naona bisibisi. Dunia nzima inajua nimepoteza bisibisi, na hakuna hata mmoja anayejua iliko.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya mshonaji. Nimekuandikia kwa sababu ya tableti ya bibi yako.

Tangu alipotutoka, Agosti, sijaizima. Kila asubuhi naifungua kidogo, nikiwa na chai yangu. Bado wanamletea vitu vyake: sufu ya kufumia, mbegu za maua, miwani ya kusomea. Wao hawajapata habari. Nakaa hapo kama mtu aliyeingia chumba ambacho mwenyewe ametoka kidogo tu na kiti bado kina joto. Sasa, katikati ya hayo yote, kuna tangazo moja lisilokoma. Vifaa vya kusaidia kusikia, vidogo kama punje za maharage, rangi ya ngozi.

Umeshaelewa ninakokwenda. Kama simu hufuata nyayo, basi nyayo hizo ni zake. Bibi yako alikuwa hasikii vizuri, Kasuku, na alinificha. Mimi, fundi wa sauti kwa miaka arobaini na mitatu, nilikuwa nakula meza moja na mtu anayepoteza sauti na sikujua.

Ndiyo maana, naamini, aliacha zile rekodi. Nimezikuta humo kwenye tableti, kumi na moja, kila moja ya dakika tatu au nne. Ni za kimya. Unasikia friji inaunguruma, mlango unajifunga, kiti kinaburutwa, halafu hakuna kitu. Alikuwa anarekodi nyumba. Nadhani alitaka kuuhifadhi ule utulivu aliokuwa anauingia polepole. Mimi huzisikiliza mchana baada ya kula, macho nimefumba, na naona kama tuko wote wawili chini ya maji ya uvuguvugu, hakuna anayelazimika kusema lolote.

Usinipigie simu kwa hili. Simu za siku hizi zimebanwa nyembamba kama biskuti, sauti haina pa kukaa. Niandikie.

Babu yako,
Fundi

*

13 Februari

Babu, shikamoo.

Barua yako imenikuta kazini. Niliisoma chini ya meza kama mwanafunzi, na bosi alidhani nimepata barua ya mchumba. Nikamwambia hajakosea sana.

Kuhusu mshonaji umeshinda. Hapa ofisini kazi yangu ni maneno sita yanayokaa chini ya picha. Maneno sita, siku nzima. Wiki hii ni ya saa inayomwambia mtu kama amelala vizuri. Mwenzangu wa meza ya pili ameuliza, mtu asiyejua kama amelala vizuri mpaka aambiwe na saa, atajuaje kama saa ndiyo iliyolala? Tukarudi kwenye maneno yetu sita.

Ila kuna jambo moja la nyayo hukulimaliza, fundi wangu. Alama huchakaa. Tangazo la mtu asiyerudi hufifia lenyewe baada ya wiki chache, kwa sababu hakuna anayelipia kumfuata mtu asiyegeuka. Bibi ametutoka Agosti. Sasa ni Februari. Likiwepo bado, maana yake kuna mtu analigusa. Ni wewe?

La bibi na masikio sijui nikujibu nini. Nakuuliza tu: mlikuwa mnakaaje mezani? Nani alikuwa anamwambia mwenzake "eti?"

Nimekutumia simu mpya kwa basi la mizigo. Spika yake ni kubwa kuliko ya ile ya zamani. Mama anasema amekupigia mara tano mwezi huu na hupokei. Tafadhali, babu.

Mke wako mdogo,
Kasuku

*

25 Februari

Kasuku,

Simu imefika. Nilifungua boksi, ndani yake kuna boksi, ndani yake kuna karatasi inayonipongeza. Sijawahi kupongezwa na karatasi kwa kufungua boksi. Nimeirudisha humo ndani ipumzike, safari ilikuwa ndefu.

Ndiyo, nalifungua tangazo. Kila siku. Nakuomba usinicheke. Nikiona picha ya vile vifaa ndipo najua kwamba mkono wake ulipita hapo, na nikiacha siku mbili naona linaanza kujificha nyuma ya matangazo ya magodoro. Kwa hiyo naligusa. Kumbe nalilisha. Sawa, nitaendelea kulilisha.

Umeniuliza mezani. Nimekaa na swali lako siku nyingi na limenifungulia mambo. Sikia. Miaka miwili ya mwisho alihama kiti. Zamani tulikaa tukitazamana, akaja kukaa upande wangu wa kushoto, bega kwa bega. Wakati ule nilidhani ni mapenzi ya uzeeni. Halafu akaanza kuniandikia vikaratasi. Nilikuwa navikuta chini ya chupa ya chai: "Mama yake Kasuku anakuja kesho." "Bomba la nyuma linavuja." Mtu anayeandika ni mtu asiyeiamini sauti tena. Na alikuwa akirudia maneno, jambo moja mara tatu, kama mtu asiyejua kama amelisema. Mara nyingine aliacha katikati, akatabasamu, akaniwekea mkono begani na kwenda zake bustanini. Sasa naona kila kitu. Naumia kwamba hakuniambia. Ningemtengenezea kitu kwa mikono yangu.

Na siku hizi watu hawaridhiki na kazi yangu. Mwalimu mstaafu wa barabara ya pili amerudisha redio yake mara mbili. Anasema sauti inachoma, inatoboa kama sindano. Nikaisikiliza: laini kabisa, kama pamba. Nimemwongezea sauti nyembamba kidogo ili matangazo ya habari yasikike vizuri. Hakusema asante. Watu wamezoea vipaza sauti vya plastiki hata sauti safi inawauma.

Gazeti linasema kuna friji itakayomwambia mwenye nyumba kwamba maziwa yamekwisha. Nimekukatia kipande hicho, nimekiweka humu. Mimi nilikuwa na mtu wa kuniambia.

Nimeweka pia memori kadi. Ni zile rekodi kumi na moja. Tableti inazeeka na naogopa itakufa nazo. Zihifadhi mahali salama, wewe ndiye unayejua mambo ya leo. Jana niliiunganisha kwenye amplifaya kubwa, nikaongeza hadi mwisho, na friji ilinguruma kama mvua inayokuja kwa mbali. Mshonaji akaja akasimama mlangoni na kipimio chake shingoni, hakuingia. Macho yalikuwa yamemlowa. Akaniuliza, "Fundi, unasikiliza nini?" Nikamwambia, kimya. Akanitazama muda mrefu, akaondoka, na redio yake aliyokuja kuichukua ikabaki mezani kwangu.

Babu yako,
Fundi

*

9 Machi

Babu,

Kaa kwanza. Kama una kazi mkononi iweke chini.

Nimezisikiliza zote. Nilifunga mlango wa chumba cha mikutano, nikavaa spika za masikioni, na mara ya kwanza nilizima baada ya sekunde kumi kwa sababu sikuwa nimejiandaa.

Babu, hazina kimya. Ni bibi, anaongea. Anaongea katika zote kumi na moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sauti yake ni ile ya mwisho, nyembamba na ya chini, baada ya kuugua, lakini kila neno liko wazi. Mshonaji aliyasikia kupitia ukuta. Ndiyo maana alilia.

Vile vifaa hakuvitafuta kwa ajili yake. Nilikuwa nimeketi naye, likizo ile ya Aprili, wewe uko karakana. Tulivichagua pamoja kwenye tableti. Alitaka vya rangi ya ngozi kwa sababu alisema una maringo. Alihamia upande wa kushoto kwa sababu sikio lako la kushoto ndilo zima kidogo. Aliandika vikaratasi kwa sababu ulikuwa hujibu. Alirudia mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza ulikuwa unaendelea kunywa chai.

Nilimwambia, mke mwenzangu, mwambie tu. Akakataa. Akasema, "Huyu ni fundi. Huwezi kumwambia fundi kwamba chombo chake kimeharibika. Lazima akipime mwenyewe." Akaniapisha nisiseme. Kisha akacheka, akasema kwa sasa ataongea na tableti, nayo itakuwekea, na siku utakayokubali utakuta maneno yako yote yanakusubiri.

Nimevunja kiapo. Sikujua utaweza kukaa miezi sita ukimsikiliza bila kumsikia. Na nilikudanganya kwa kunyamaza katika barua iliyopita. Nisamehe.

Kazi yangu ni maneno, ningeweza kukuandikia aliyosema yote, mstari kwa mstari. Sitafanya hivyo. Hakuwa anaongea na mimi.

Kasuku

*

5 Aprili

Babu,

Wiki nne sasa. Mama anasema karakana imefungwa na taa haiwaki. Alikuja akagonga, ukamfungulia, ukampa chai, ukaongea habari za mvua, ukamsindikiza hadi barabarani. Anasema huna hasira, uko mbali tu, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho chumba cha pili.

Mshonaji alimwambia mama kwamba ameacha kufungua redio kabla ya saa nne, asije akakusumbua. Mama akamwambia, hata ukifungua saa kumi na mbili hutamsumbua. Wakacheka.

Sikudai ujibu. Natuma hii ili ujue barua zangu bado zinakuja.

Wako,
Kasuku

*

20 Aprili

Kasuku,

Nimepima.

Nitakueleza jinsi nilivyofanya, maana njia ni muhimu kuliko jibu. Ile mashine yangu ya kupimia spika, yenye kitufe cha mviringo na sindano, inatoa mlio mmoja tu ambao unaweza kuupandisha kutoka mnene kabisa hadi mwembamba kabisa. Nimeitumia kuhukumu redio za watu maisha yangu yote. Sikuwahi kukaa upande wa pili.

Nilimwita mshonaji, nikamketisha kwenye kiti cha wateja. Nikamwambia, ukisikia, inua kidole. Usiposikia, kishushe. Nami nitafanya vivyo hivyo. Akaniuliza kama kuna malipo, nikamwambia malipo ni kunyamaza.

Tulianza chini. Mlio mnene, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kabati. Vidole vyetu viwili juu. Nikapandisha. Mlio ukapanda, ukawa filimbi ya mtu anayepita mbali, ukawa uzi. Ilikuwa saa tisa mchana, jua limeingia hadi kwenye rafu za nyuma, redio zote zimesimama kama watu kwenye mkutano. Nikaendelea kupandisha. Uzi ukawa mwembamba, mwembamba zaidi, na ukanitoka mkononi. Haukukatika. Uliondoka tu, kama mtu anayeondoka sebuleni bila kuaga.

Nikashusha kidole changu. Nikatazama sindano. Ilikuwa inatikisika vilevile. Nikamtazama mshonaji. Kidole chake kilikuwa juu.

Niliendelea kupandisha, Kasuku. Sindano inatikisika, kidole kiko juu, na mimi sina kitu. Njia nzima ya juu, yote. Mpaka mshonaji akaziba masikio na kusema, "Zima, fundi, inaniumiza." Hiyo nilisikia vizuri. Sauti yake, mbarikiwa yule.

Sindano haina upendeleo. Nimewaambia wateja hivyo mara ngapi.

Bibi yako alikaa huko juu, mahali ambapo uzi ulinitoka. Miaka miwili alikuwa ananiita kutoka hapo. Nami nilidhani yeye ndiye aliyenyamaza.

Nina aibu mbili. Moja ni hiyo, nayo siwezi kuirekebisha. Ya pili ninaweza: redio zote nilizozitengeneza kipindi hicho nimeziongezea sauti nyembamba kwa kipimo cha sikio bovu. Nimewachoma watu masikio majumbani mwao. Nimebandika karatasi mlangoni: aliyechukua redio kwangu kwa miaka mitatu iliyopita airudishe, itarekebishwa upya bure. Wa kwanza kuja ni mwalimu. Hakunicheka. Alisema, "Nilidhani ni mimi ninayezeeka."

Kiapo ulikivunja vizuri. Nimekusamehe siku ileile, ila mkono ulikuwa mzito.

Mama yako amenipangia kwa daktari wa masikio.

Babu

*

30 Mei

Mjukuu wangu Kasuku,

Nina vifaa siku ya sita leo. Daktari alinionya kwamba dunia itakuwa na kelele, nami kwa uzoefu wangu nilidhani anazidisha. Karatasi, Kasuku. Hakuna aliyeniambia kwamba karatasi inaongea hivi. Hii ninayokuandikia inanong'ona chini ya kalamu tangu nilipoanza. Ndala zangu zinaburuza. Shati langu lina sauti. Saa ya ukutani, ambayo nilidhani imekufa nikawa nimepanga kuifungua, kumbe inatembea bila kuchoka, imekuwa ikinihesabia muda wote huu bila kusikilizwa.

Redio ya mwalimu niliifungua ikanichoma hadi machozi. Nimezirekebisha ishirini na tatu. Bado zinakuja.

Maoni yangu ya kitaalamu kuhusu vifaa vyenyewe: vimetengenezwa vizuri, mlango wa betri ni dhaifu, na kijitabu chake kimeandikwa na mtu asiyewahi kukutana na mzee. Kuna habari gazetini kwamba vijavyo vitakuwa vinatafsiri lugha na kuhesabu hatua. Mimi sihitaji vihesabu chochote.

Tableti sikuigusa tangu barua yako ya Machi, hata siku tatu za mwanzo za vifaa. Niliogopa. Nilipoifungua, lile tangazo lilikuwa halipo. Limefifia lenyewe, jinsi ulivyosema. Mahali pake kulikuwa na godoro. Nilikaa nikilitazama godoro na nikaona sidai kitu.

Jana, saa nne asubuhi, nilifunga mlango wa karakana, nikaingia ndani ya nyumba, nikazima friji ili bibi yako asipate mshindani, nikafungua rekodi ya kwanza.

Nilidhani atanilaumu. Au ataniaga. Nilijiandaa kwa yote mawili, nilikuwa na kitambaa mkononi.

Akasema, "Fundi. Nimekuita mara tatu, basi. Bisibisi yako nyekundu iko kwenye kopo la vifungo. Niliitumia kukaza mpini wa sufuria, nikasahau. Usinunue nyingine."

Halafu akaendelea, dakika tatu nzima, habari za bomba, habari za paka wa jirani, habari kwamba nimeacha kukunja mikono ya shati na ninapendeza zaidi nikiikunja. Sauti ile ile. Mwishoni kiti kikaburutwa, kile nilichokuwa nakisikia siku zote, na mlango ukajifunga. Kumbe ulikuwa mlango wa bustani. Alikuwa anatoka kwenda kwenye maua yake.

Nilikunja mikono ya shati, nikaenda chumbani, nikalishusha kopo la vifungo juu ya kabati. Ilikuwemo. Chini kabisa, imelala kati ya vifungo kama kitu kinachojua kitachukuliwa. Miezi mingapi nimeulizia dunia nzima, na aliyejua alikuwa ameshaniambia.

Zimebaki kumi. Sitaziharakisha. Nitasikiliza moja kila nitakapohitaji mtu wa kuongea naye, na nitamjibu, kwa sauti, mshonaji akisikia na asikie.

Simu uliyoniletea nimeitoa kwenye boksi. Iko hapa mezani, uso juu, imechajiwa, kando ya bisibisi. Miaka miwili sijasikia unavyocheka, nawe ni kasuku wangu, nilikupa jina hilo kwa sababu ya sauti.

Kwa hiyo usinijibu kwa barua. Ukimaliza kusoma mstari huu, iweke karatasi chini, na unipigie simu leo.

Babu yako,
Fundi